Palm za zamani zilizobaki stoo: zipewe kazi gani?

Swali: Fundi, salaam. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Newala. Shemeji yangu aliwahi kuwa mdadisi kwenye tafiti za afya za kaya, na alipohamia Dodoma aliniachia boksi la vifaa ambavyo ofisi yao ilishaviandika kuwa chakavu. Humo nimekuta kompyuta ndogo za mkononi: Palm m105 tatu, Tungsten E2 mbili, chaja moja, kebo nisizozielewa na kibodi ya kukunja. m105 mbili zimewaka nilipoweka betri. Ya tatu ina ukungu mweupe pale panapokaa betri. E2 moja imewaka, nyingine kimya. Mwanangu wa kidato cha tatu anauliza kama zinaingia WhatsApp. Mama yake anasema tuwape wanunuzi wa chuma chakavu. Kuna la maana linaloweza kufanywa nazo, nyumbani au shuleni, au najisumbua bure?

Jibu: Mwalimu, salaam. Kijana apate jibu lake kwanza: haziingii. WhatsApp ilianza mwaka 2009. M105 ilitoka 2001 na Tungsten E2 mwaka 2005. m105 haina redio ya aina yoyote, ina kebo na ile taa ya infraredi iliyo kichwani tu. E2 ina Bluetooth lakini haina Wi-Fi, na hata ukiibembeleza ikapata intaneti kupitia simu, tovuti za leo zitaikatalia mlangoni kwa sababu haijui njia za usalama zinazotumika sasa. Asipoteze Jumamosi yake huko.

Mama naye ana hoja, ila ni nusu. Hizi ni plastiki na kioo. Chuma kilichomo hakifikishi hata nauli ya bodaboda ya kuzipelekea. Wakusanyaji wa vitu vya kale hutafuta zile ambazo boksi lake halijawahi kufunguliwa, au Pilot za mwanzo kabisa za mwaka 1996, si E2 iliyozunguka vijijini kwenye mkoba wa mdadisi. Kwa hiyo faida, kama ipo, iko kwenye kuzitumia.

Kabla hujazitumia, kuna jambo ambalo hukuliuliza nami siwezi kuliruka. Hizo mashine zilibeba majibu ya watu: majina, umri, magonjwa, pengine vifo vya watoto, vya kaya ambazo nyingine ni jirani zako. Usizifungue kusoma kilichomo, na usimpe mwanafunzi yeyote kabla hujazifuta. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata bila sheria hiyo mtu aliyemwambia mdadisi habari za nyumbani kwake hakumwambia Form Three B.

Kufuta kwenyewe ni rahisi. Nyuma ya kila Palm kuna kitundu kidogo. Shikilia kitufe cha kuwashia, chomeka ncha nyembamba kwenye kitundu kisha uitoe huku kidole kikiwa bado kwenye kitufe, achia kitufe alama ya Palm ikitokea. Itakuuliza kama kweli unataka kufuta data yote. Ukikubali, bonyeza kitufe cha kupandisha ukurasa. Kwenye E2 hakikisha unafika hadi hapo, kwa sababu kumbukumbu yake ni ya aina isiyopotea hata betri ikifa. m105 ni kinyume chake: ukitoa betri na kuiacha usiku kucha, asubuhi haikumbuki hata tarehe. Kama kuna kadi za kumbukumbu humo ndani ya E2, zifute kwenye kompyuta kwa ile njia ndefu, si ya haraka.

Sasa nije kwenye swali lenyewe.

Shemeji yako alikuwa kwenye kazi ambayo mashine hizi ziliifanya vizuri kuliko nyingine yoyote zilizowahi kupewa Afrika Mashariki. Mwaka 2004, kusini mwa Tanzania, Newala ikiwemo, zaidi ya kaya 21,000 zilihojiwa katika utafiti mmoja na majibu yakaingizwa papo hapo kwenye kompyuta za mkononi badala ya madodoso ya karatasi, hivyo ile kazi ya kuja kuyachapa upya ofisini haikuwepo. Uganda walitangulia: kuanzia 2003 wahudumu wa vituo vya afya, Rakai na Mbale, walijaza fomu kwenye Palm, wakaielekeza kwenye kisanduku kilichofungwa kituoni, kisanduku kikapokea kwa infraredi na kurusha taarifa Kampala kwa mtandao wa simu. Kenya nako Wizara ya Afya ilitumia EpiSurveyor, programu ya bure iliyotengenezwa kwa ajili ya Palm hizi hizi.

Nimeyataja hayo kwa sababu moja. Hakuna hata mradi mmoja kati ya hiyo ulioifanya Palm kuwa kila kitu. Mashine ilikuwa dodoso, basi. Huku mijini, wenye nazo walitaka ziwe kalenda, barua pepe, picha, muziki na michezo kwa pamoja, na simu zilipoanza kufanya hayo yote kwa pamoja Palm zikaishia kwenye droo. Ushauri wangu wote unatoka hapo: kila mashine ipe kazi moja, iandike kwa kalamu ya maki mgongoni, na usiibadilishe. Ukianza kuijazia kazi ya pili na ya tatu, utailinganisha na simu yako, na kwenye mashindano hayo itashindwa kila siku.

Anza na m105 na ile kibodi, maana hapo ndipo boksi lako lina thamani kubwa. Nadhani ni ile iliyotengenezwa na Think Outside na kuuzwa kwa jina la Palm: inakunjuka vipande vinne na ukimaliza kuifungua ina vitufe vya ukubwa wa kawaida, si vile vya kubonyeza kwa kucha. Angalia kiunganishi chake kama kinaingia chini ya m105. Kikiingia, una mashine ya kuandikia ambayo inawaka ndani ya sekunde moja, haina ujumbe unaoingia, haina video, inatumia betri mbili za AAA, zile ndogo za rimoti, na zinadumu majuma kadhaa. Umeme ukikatika wewe unaendelea kuchapa. Kwa mwalimu anayeandaa maswali ya mtihani, hiyo peke yake inatosha. Na mtihani ukiwa kwenye kifaa kisicho na mtandao, hauvuji kwa njia ya mtandao.

Kuna mambo mawili ya kujua mapema. Kibodi haifanyi kazi mpaka programu yake ndogo iwemo ndani ya Palm, na ukifuta mashine kama nilivyoeleza, programu hiyo nayo inaondoka. Itafute PalmDB, hifadhi ya mtandaoni ambako programu za Palm za miaka hiyo zimekusanywa. Kama kompyuta yako inatumia Linux na una kebo ya seriali, ile ya kuunganishia vifaa vya zamani, unaweza kuichukua hiyo tu kabla ya kufuta, bila kugusa data za watu: amri ya pilot-xfer yenye -l inakuorodheshea mafaili yaliyomo, na yenye -f inachukua faili moja unalolitaja.

Jambo la pili ni kikomo. Memo Pad ya m105 inabeba takriban herufi 4,000 kwa memo moja, yaani kama maneno mia sita ya Kiswahili. Ukifika hapo inakukatalia. Wengine hukasirika wakatafuta kihariri kikubwa zaidi, na vipo. Mimi naona kikomo hicho kinafaa: sehemu A memo moja, sehemu B memo nyingine. Nafasi ya jumla ni MB 8, ambayo kwa maandishi matupu huwezi kuijaza mwaka huu wala ujao.

Utayatoaje maandishi humo? Hapa E2 yako inayowaka inakuwa na kazi, nayo ndiyo kazi yake: kuwa daraja. E2 ina tundu la kadi ya SD, m105 haina. Ziweke mbili zikitazamana vichwa, umbali wa kiganja hadi mita moja, fungua memo kwenye m105, chagua kurusha kwa infraredi, E2 itauliza kama ipokee. Kisha weka FileZ kwenye E2, programu ndogo ya bure ya kupanga mafaili, uitumie kunakili faili la memo kwenda kwenye kadi. Kadi ikisomwa kwenye kompyuta, faili hilo ukilifungua kwa programu ya maandishi ya kawaida utakuta maneno yako yote yamo, yakiwa na takataka za alama mwanzoni na kati ya memo na memo. Zikate, endelea. Si njia ya kifahari, lakini haihitaji kebo hata moja.

Safari ya kurudi inapita daraja hilo hilo. Programu yoyote ya Palm unayoipakua, ile yenye mwisho wa .prc, iweke kwenye kadi ndani ya folda ya PALM, kisha Launcher. E2 itaiona yenyewe. Inakili kwenye kumbukumbu ya E2, kisha irushe kwa m105. Kwa njia hii huna haja kabisa ya HotSync, mfumo wa Palm wenyewe wa kuunganisha mashine na kompyuta, ambao kwenye Windows za sasa unawatoa watu jasho, kwa vile Palm haikuwahi kutoa kiendeshi cha USB kwa Windows za biti 64. Wa Linux wanaweza kutumia programu ya J-Pilot badala yake.

Kadi ndiyo itakayokusumbua. E2 haisomi SDHC, yaani kadi za SD zenye nafasi zaidi ya GB 2. Inataka kadi ya GB 2 kushuka chini, na madukani sasa hivi utaambiwa ndogo kabisa ni GB 16 au 32. Waulize watu wenye simu za batani za zamani. microSD ya GB 1 au 2 ukiivalisha adapta inakaa humo bila tatizo.

m105 ya pili nashauri uikabidhi kijana. Umesema yuko kidato cha tatu na anapenda mashine. Asijifunze kuitumia, ajifunze kuiandikia programu, ndani ya hiyo hiyo. Ipo LispMe, ya bure, inayotekeleza lugha ya Scheme. Mtoto anaandika mistari yake kwenye Memo Pad, anafungua LispMe, anaiita memo, inakimbia. Mfano wa kumwanzishia:

(define (f n) (if (= n 0) 1 (* n (f (- n 1)))))

Aandike hivyo kisha aulize (f 10). Itamjibu 3628800. Halafu muulize wewe, Mwalimu, kwa nini f inajiita yenyewe na bado haizunguki milele. Akikujibu vizuri, ameshapita mahali ambapo wanafunzi wengi wa chuo hukwama. Akitaka lugha ya C, kuna OnBoardC, ambayo inatafsiri programu kamili ndani ya kifaa chenyewe, jambo ambalo hata simu yako ya leo haikuruhusu kirahisi. Na prosesa hiyo ni ya MHz 16! Kosa la kuzungusha kitanzi mara nyingi bila sababu, ambalo kompyuta mpya inalificha, hapa linaonekana kwa macho: mashine inaganda, mtoto anakuna kichwa, anarudi kwenye memo kutafuta alikokosea.

Kioo kikivunjika, au wanafunzi wakiwa wengi kuliko mashine, kazi haifi. Kuna CloudpilotEmu, programu inayoigiza Palm ndani ya kivinjari cha simu au kompyuta. Inahitaji faili la ROM, yaani nakala ya mfumo uliomo ndani ya Palm yenyewe, na ikishafunguliwa mara moja inaweza kutumika bila mtandao. Programu aliyoiandika kwenye m105 inaingia humo kama ilivyo. Nimeona watu wakianzia kwenye kiigizi moja kwa moja, wakaacha baada ya muda mfupi. Kifaa halisi mkononi kina mvuto wake kwa vijana. Kiigizi kikae akiba.

Kabla hajaanza, atalazimika kujifunza kuandika. m105 inatumia Graffiti ya asili, ambapo kila herufi ni mkwaju mmoja bila kunyanyua kijiti: A haina kile kijistari cha katikati, T unaichora kwa kwenda kulia kisha kushuka, basi. Mtoto atazishika kwa alasiri moja. Akihamia kwenye E2 atashangaa T imekuwa mikwaju miwili. Palm ilibadilisha mwandiko huo mwaka 2003 baada ya kesi ndefu na Xerox iliyodai uvumbuzi ni wake. Sababu nyingine ya kutohamisha watu kutoka mashine hadi mashine.

E2 ikiwa imefanya udaraja wake, muda mwingi itakuwa imekaa bure, na hapa najua nakaribia kuvunja kanuni yangu mwenyewe. Lakini E2 ya pili ikifufuka, ifanye kuwa maktaba. Kioo chake ni cha rangi, nukta 320 kwa 320, na programu ya Plucker inasoma vitabu moja kwa moja kutoka kwenye kadi. Weka notisi zako, insha nzuri za wanafunzi waliopita, hadithi. Ina tundu la kawaida la spika za masikioni, kwa hiyo ukiweka programu ya Pocket Tunes inacheza MP3. Mwalimu mwenzako wa Kiingereza anaweza kuitumia kwa mazoezi ya kusikiliza, akaichomeka kwenye spika ya darasani bila kuogopa simu yake kuita katikati ya kipindi. Kumbuka tu inahitaji kuchajiwa, na chaja unayo moja. Kiunganishi cha E2 si USB ya kawaida. Chaja hiyo ikipotea hutaipata Newala, na sidhani kama utaipata hata Kariakoo. Ifunge na utepe wenye jina.

Sasa jambo ambalo mtu wa Newala atalifikiria mara moja: korosho. Msimu ukifika kila kaya inapima, inapeleka AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), inasubiri mnada. Palm inaweza kuwa daftari la kilo? Inaweza. Kuna programu za jedwali kama HanDBase ambazo zimetengenezwa kwa kazi hiyo hasa: tarehe, shamba, gunia, uzito, jumla inajijumlisha. Mtu mwenye uzoefu wa udadisi, kama shemeji yako, angekuandalia fomu yake haraka. Tena mizani nyingi za kidijitali za ghalani zina tundu la seriali nyuma, na m105 yenye kebo ya HotSync ya seriali na programu ya ptelnet inaweza kusoma namba zinazotoka humo bila mtu kuandika chochote.

Hata hivyo nitakuwekea mpaka. Fanya hivyo kwa shamba lako, kwa hesabu zako. Usiifanye kuwa kumbukumbu pekee ya kilo za mtu mwingine. m105 inashika kila kitu kwenye kumbukumbu inayotegemea betri. Unapobadilisha betri una kama dakika moja ya kuweka mpya, na kwa mashine yenye umri huu usiitegemee hata dakika hiyo. Weka mpya mkononi ndipo utoe za zamani. Ikiteleza, msimu mzima umefutika, na utaenda kumweleza mkulima kwamba kilo zake zimepotea kwa sababu ya kijibetri? Kitabu cha stakabadhi kiendelee kuwa kitabu cha stakabadhi. Kwa sababu hiyo hiyo sipendekezi m105 kwa mahudhurio, ada wala alama za wanafunzi. Kazi inayoifaa ni ile ambayo data ikipotea unasema "aah", unaanza upya.

Kuna jambo lingine la muda. Kalenda ya Palm inaishia tarehe 31 Desemba 2031. Kwa mtihani, vitabu na Scheme haina athari yoyote, ila mtu asijenge juu yake mfumo wa kumbukumbu za miaka kumi.

Kama shuleni kuna klabu ya sayansi inayochezea Arduino, kile kibao kidogo cha kielektroniki cha kuprogramu, m105 inaweza kuwa ubongo au kioo cha kusomea. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kule Marekani kilionyesha jinsi ya kuiweka Palm juu ya kigari cha magurudumu matatu yanayokwenda kila upande, Palm ikatoa amri kwa tundu lake la seriali. Wanafunzi wako wanaweza kuanza na kidogo zaidi: kipimajoto kwenye Arduino, namba zikisomeka kwenye Palm. Onyo moja tu. Seriali inayotoka kwenye kebo ya HotSync si volti za Arduino. Kati yao lazima ikae chipu ya kubadilisha, kama MAX3232, isiyo na bei ya kutisha. Kuunganisha waya moja kwa moja ni kuiua Arduino ya shule, na hapo hakuna mkuu wa shule atakayekuelewa.

Mengine utakayoyasikia, kama kuigeuza rimoti ya runinga, saa ya mezani au fremu ya picha, yanawezekana. Rimoti inafanya kazi kweli, kuna OmniRemote, lakini nguvu ya taa ya infraredi ya m105 ni ndogo, utasogea karibu na runinga mpaka utaona ni heri ubonyeze kitufe chake. Saa na fremu ni mapambo.

Sasa wagonjwa wako wawili. Ukungu mweupe kwenye m105 ya tatu ni betri iliyovuja, na mara nyingi inapona. Vaa glavu au funga mfuko wa nailoni mkononi. Chovya pamba ya masikio kwenye siki nyeupe kidogo, ipitishe juu ya ukungu. Utasikia ukichemka kidogo, hiyo siki inaumaliza. Pangusa, rudia, kisha safisha kwa spiriti na uache wazi ikauke kabisa. Vile vibati vya mguso vikiwa vimebadilika kuwa kijani, vikwaruze taratibu kwa kifutio kigumu cha penseli mpaka viwake. Weka betri mpya za alkali. Ukitumia za kuchaji nazo zinakubali, ila kipimo kitalalamika mapema kwamba zinakwisha kwa sababu volti zake ni chini kidogo tangu mwanzo, kipuuze. Ikiwaka lakini kijiti kinagusa hapa na herufi inatokea pale, nenda kwenye mipangilio ukalinganishe kioo upya, kazi ya kugusa alama chache.

E2 iliyokaa kimya ichaji saa kadhaa bila kuigusa, halafu chomeka kitundu cha nyuma mara moja. Betri ya lithiamu iliyokaa tupu miaka mingi mara nyingi haikubali tena. Ikiwa mgongo umevimba hata kidogo, acha kuchaji, usiibonyeze, usiitoboe, na isikae ndani ya nyumba. Isipovimba, fundi simu makini anaweza kukufungia betri nyingine ya 3.7V inayoingia humo, mradi iwe na kisakiti chake cha ulinzi. Ikishindikana kabisa, toa kioo, kijiti na kifuniko viwe vipuri vya ile nzima, betri ikae kando isiende kwenye moto wa takataka. Wasomaji wa Nairobi wana WEEE Centre ya kupeleka mabaki ya namna hii, na wa Rwanda wana kiwanda cha Bugesera. Kwa Newala, ihifadhi mahali pakavu mpaka upate mtu anayekwenda Dar kwa wakusanyaji wanaotambulika.

Zile kebo usizozielewa usitupe hata moja. Mojawapo inapaswa kuwa ya HotSync ya m105: upande mmoja kiunganishi kipana chembamba, upande wa pili plagi ya seriali yenye matundu tisa. Ukiipata, na ukiamua kujaribu ile ya mizani au Arduino, utahitaji pia kiungio cha null-modem chenye pini pande zote mbili, kwa sababu kebo ya Palm imetengenezwa kuongea na kompyuta, si na kifaa kingine. Niandikie namba ya modeli iliyo nyuma ya mzani nikuambie kasi ya kuweka kwenye ptelnet. Nyingi ni 9600, lakini si zote.